Tupeni ukumbi unaofungwa kwa ufunguo

Kamembe ni mahali pabaya pa kujifunzia kurusha droni, na anayesema hivyo sina ugomvi naye. Kiwanja cha ndege kimo mjini, na ndege ya RwandAir kutoka Kigali ikishuka tunaisikia juu ya mabati. Magharibi ni mto Ruzizi. Ng'ambo ya mto ni Bukavu, ambako waasi wa M23 waliingia Februari 2025, na vita vya upande ule vimewazoesha watu kusikia habari za droni zinazobeba mabomu. Siku hizi mlio wa mota nne ndogo ukisikika hapa kwetu jioni, watoto hutazama juu; wakubwa hutafuta mlango. Tangu 2016 Rwanda ina kanuni za ndege zisizo na rubani, zikaandikwa upya 2018, na kanuni hizo zinataka chombo kisajiliwe na mwenye kukirusha awe na kibali. Sijui ni afisa gani mwenye akili timamu angempa mwanafunzi wa miaka 17 ruhusa ya kubahatisha kazi ya mikono yake kati ya njia ya ndege na mpaka wenye vita. Mimi nisingempa.

Kwa hiyo siombi anga. Naomba ukumbi: chumba kirefu chenye paa, umeme, mlango wa kufunga na mahali pa kutundika wavu. Vijana wa wilaya yetu ya Rusizi wanaotaka kuunda bodi za droni wanaweza kujifunza karibu kila kitu humo ndani, bila chombo hata kimoja kutoka nje. Kinachowezesha hilo ni mwanga ambao macho hayauoni, ule ule unaotoka kwenye rimoti ya televisheni.

Mimi ni fundi wa simu na redio. Kibanda changu hakiko mbali na soko la Kamembe, na kazi niliirithi kwa marehemu baba, aliyekuwa akifungua redio za transista kule Bukavu enzi ambazo betri za mawe zilikuwa mali. Droni zilifika mezani kwangu kupitia harusi. Mpiga picha anairusha juu ya maharusi, inagonga mparachichi, na Jumatatu analeta mabaki kwenye boksi la viatu akiniomba nimfanyie haraka maana Jumamosi ana harusi nyingine.

Ukiifungua utakuta kwamba kila mota ina transista zake sita za nguvu, kila moja ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Sita kwa sababu mota hizo zina nyaya tatu, na kila waya unahitaji transista moja ya kuupelekea umeme na nyingine ya kuurudisha. Panga likinaswa na tawi, mota inasimama lakini bodi haijui. Inaendelea kusukuma umeme, na transista moja inaungua. Ukiitazama kwa kioo cha kukuzia utaona kishimo cheusi katikati, na harufu yake fundi anaijua kabla hajawasha taa ya meza. Transista yenyewe haifiki bei ya soda. Lakini kiwanda kimeziweka zote pamoja na kompyuta ya chombo kwenye bodi moja, mara nyingine kikafuta hata namba juu ya chipu, kwa hiyo mpiga picha anaagiza bodi nzima kutoka Dubai au Guangzhou na harusi ya Jumamosi inapita bila picha za juu.

Nchi yetu inasifika kwa droni, na sifa hiyo ni ya haki. Oktoba 2016 kampuni ya Zipline ilianza kupeleka damu hospitalini kutoka kituo chake cha Muhanga, baadaye ikaongeza cha Kayonza, na yapo maisha ya watu yaliyookolewa kwa kazi ile. Lakini zile ni ndege za mabawa, zinarushwa kwa mtambo unaofanya kazi ya manati, zinaangusha mzigo kwa mwavuli, na zimebuniwa California. Februari 2020 tuliletewa mashindano ya droni hapa hapa kwenye Ziwa Kivu, sambamba na mkutano mkubwa wa droni wa Afrika uliofanyika Kigali. Mwanza walikuwa wameyaona ya kwao Oktoba 2018 kwenye Ziwa Viktoria. Zanzibar mwaka 2016 walikwenda mbele kidogo: vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walipewa kazi ya kupiga picha visiwa vyote kutoka angani, wakazirusha droni wao wenyewe. Droni zenyewe zilikuwa za Uswisi. Afrika Mashariki tumekuwa uwanja mzuri wa kurushia vya wenzetu. Kuunda tumeachia wengine, na mimi ninayepokea maboksi ya viatu naona gharama yake kila wiki.

Watu hudhani ugumu wa droni uko kwenye kuruka. Kuruka ni mota na mapanga: mawili yanazunguka upande huu, mawili upande ule, ili chombo kisijizungushe chenyewe. Ugumu uko kwenye kutulia. Mama anayevuka daraja na beseni la samaki aina ya sambaza kichwani hafikirii shingo yake. Shingo inajirekebisha kila hatua. Bodi ya droni inafanya kazi ya shingo ile, mara mia kadhaa kila sekunde: inasoma chombo kimelalia upande gani, inaongeza nguvu mota ya upande huo, inasoma tena. Sensa inayosoma ni ndugu wa ile inayogeuza skrini ya simu yako ukiilaza. Tunayotumia mimi na vijana ninaowafundisha inaitwa MPU-6050, mraba wa milimita 4 kwa 4, na inauzwa tayari kwenye bodi ndogo yenye miguu minane, kwa sababu kuilehemu yenyewe bila kuichoma kunataka mkono ambao sina tena kwa umri huu.

Na hapa kuna historia ambayo kila mwanafunzi wangu lazima aisikie kabla sijampa chuma cha kulehemu. Mwaka 2010 Mfaransa mmoja, Alexandre Dubus, alianzisha programu ya kudhibiti droni kwa kutumia sensa alizotoa kwenye vifaa vya mchezo wa watoto, Nintendo Wii. Ndiyo maana programu ile ikaitwa MultiWii. Iliweza kukaa kwenye chipu ya ATmega328 yenye kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 tu, na yeyote duniani angeweza kuisoma, kuibadilisha na kuijaribu. Programu nyingi ambazo vijana wa leo wanazitumia kwenye droni za mbio zinatokana na ukoo huo. Chanzo chake kilikuwa mchezo wa sebuleni uliofunguliwa kwa bisibisi, na mtu asiyeomba ruhusa ya kuwa mtaalamu.

Bodi zetu tunazitengeneza hivi. Mchoro unachapishwa kwa printa ya wino wa unga kwenye karatasi laini ya gazeti la picha, hapo hapo kwa mwenye fotokopi. Karatasi inalazwa juu ya bamba la shaba na kupigwa pasi ya moto mpaka wino uhamie kwenye shaba. Bamba linatumbukizwa kwenye maji ya kloridi ya chuma, shaba isiyofunikwa inaliwa, njia za umeme zinabaki. Maji yale yanaacha madoa ya kahawia ambayo hayatoki nguoni, mama wa wanafunzi wangu wanayajua. Kisha tunatoboa, tunalehemu, tunapima kwa mita. Kuna msichana mmoja kati yao ambaye viungo vyake vya risasi vinang'aa na kulala vizuri kuliko vya kwangu, na anajua kwamba najua.

Kinachotushinda ni betri. Seli za laptopu zilizokufa, ambazo tunazo kwa wingi, zinatosha kuwasha taa nyumba nzima lakini haziwezi kutoa umeme mwingi kwa mkupuo mmoja kama mota zinavyodai. Droni inainuka kiganja kimoja, volti zinaporomoka, inakaa chini. Betri za litiamu zenye nguvu hiyo zina masharti makali ya kusafirishwa kwa ndege, kwa sababu zikitobolewa zinawaka. Masharti yale nayaunga mkono. Yanatufanya tusubiri tu.

Basi tuseme bodi imekamilika, betri imefika, chombo kinatulia. Kitajuaje kiko wapi? Sensa ile inajua imelala au imesimama, haijui imehama. Upepo wa dirishani ukikisukuma kitaendelea kutulia vizuri kabisa huku kikienda ukutani. Nje ya nyumba ungetumia GPS, ambayo hata ikiwa na afya njema inakosea kwa mita kadhaa. Chini ya mabati haifiki vizuri. Hapo ndipo infraredi inapoingia, nami naomba msomaji asiruke aya zinazofuata, kwa sababu hoja yangu yote imelala humu.

Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya simu yako, bonyeza. Kwenye simu nyingi, hasa kamera ya mbele, utaona kitaa cha zambarau kinachomweka ambacho jicho lako halikioni. Ule ni mwanga wa infraredi ulio karibu na mwekundu, kwa kawaida wa nanomita 940. Sasa fikiria kamera isiyoona kitu kingine chochote isipokuwa mwanga huo. Mbele yake chumba kizima ni giza, na kwenye giza lile kuna nukta chache: taa za LED ulizozifunga wewe kwenye mikono ya droni. Kamera haihangaiki kutofautisha droni na kiti au na mtu. Inahesabu nukta.

Rimoti ya Wii ina kamera ya namna hiyo puani. Iliundwa na kampuni ya PixArt ya Taiwan, na uzuri wake ni kwamba haitoi picha. Inatoa majibu: nukta ya kwanza iko hapa, ya pili pale, mpaka nukta nne, kama mara 100 kwa sekunde. Hesabu yote ya picha imefanyika ndani yake, kwa hiyo hata ile chipu yetu ya kilobaiti 2 inamudu kuisikiliza. Na kile kijiti kinachowekwa juu ya televisheni, ambacho watu walidhani kina siri kubwa, ni taa za infraredi tu. Waliokipoteza waligundua kwamba mishumaa miwili inafanya kazi ile ile. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, waliweka kamera ya rimoti hiyo kwenye tumbo la droni ndogo, wakapanga taa chache za infraredi mahali pa kutulia, na droni ikaweza kuning'inia juu yake na kutua yenyewe bila kompyuta kubwa wala GPS. Niliisoma habari ile na siku hiyo hiyo nikaanza kuulizia rimoti za Wii kwa wauza vitu chakavu. Zipo. Zinakuja kwenye makontena pamoja na viatu na pasi mbovu, na hakuna anayezitaka.

Jicho la rimoti ni jembamba. Kamera ikiwa kimo cha mita tatu inaona sakafu ya kama mita mbili tu. Kwa ukumbi unahitaji kamera za pembeni, na kamera za kawaida za kompyuta zinaweza. Kila kamera ya namna hiyo ina kipande cha kioo kati ya lenzi na chipu kinachozuia infraredi ili rangi za picha zisiharibike. Ukikiinamisha kwenye taa kinang'aa kwa wekundu au ubluu. Kitoe kwa ncha ya kisu. Mahali pake weka kipande cha negativu ya zamani ya picha za rangi, ile sehemu nyeusi ya mwanzo wa filamu iliyoungua kwa mwanga kabla ya kusafishwa. Jicho halioni kitu kupitia negativu ile. Infraredi inapita bila shida. Studio za picha za Kamembe zilikuwa na negativu hizo kwa makopo, na mwenye studio mmoja mzee amenipa zake bure akidhani nimerukwa na akili. Kamera mbili zikiona nukta moja kutoka pembe mbili, kila moja inachora mstari. Mistari inapokutana ndipo ilipo droni. Hiyo ni jiometri ya sekondari, ile ambayo wanafunzi huuliza itawasaidia nini maishani.

Wenye fedha wanafanya jambo hilo hilo. Zürich, kwenye chuo cha ETH, profesa Raffaello D'Andrea na wenzake walijenga uwanja wa ndani wa mita 10 kwa 10 kwa 10, wenye nyavu pande zote na kamera za infraredi juu, droni zikifundishwa humo kurushiana mipira. Kampuni ya Bitcraze ya Malmö, Uswidi, inauza droni ya gramu 27 inayojua ilipo chumbani kwa kusoma miale ya infraredi inayofagia kutoka kwenye vifaa vya ukutani. Nawataja ili mkubwa wa wilaya akiniambia mambo ya droni hufanyika nje, nimwambie kwamba wanaoongoza duniani walianza kwa kuingia ndani na kufunga mlango.

Shida yetu wenyewe, ambayo Zürich hawana, ni matundu ya mabati. Jua ni chanzo kikubwa cha infraredi kuliko taa yoyote nitakayonunua. Saa nane mchana (saa za Kiswahili, msinichanganye) miale inaingia kupitia matundu ya misumari, inaanguka sakafuni, na kamera inaona nyota ishirini mahali inapotarajia taa nne. Dawa zipo mbili. Ya kwanza ni kufanya kazi baada ya jua kuzama. Ya pili ni nzuri zaidi: taa za droni zimweke, picha moja ipigwe zikiwaka na nyingine zikiwa zimezimwa, kisha ya pili itolewe kwenye ya kwanza. Kisichomweka kinafutika. Rimoti ya televisheni hutumia hila ya ukoo huo huo. Taa yake inapiga takribani mara 38,000 kwa sekunde ili televisheni isiichanganye na jua la dirishani. Mwanafunzi aliyepigana na matundu ya mabati mpaka akayashinda amejifunza kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chake cha fizikia.

Najua neno infraredi linatisha. Kwenye kikao kimoja cha mtaa mzee mmoja alinyoosha mkono akaniuliza, "Mama fundi, hicho kitu si kinaona watu ndani ya nyumba zao?" Swali halali kabisa, hasa kwa mtu aliyesikiliza redio ya vita mwaka mzima. Nilimjibu kwamba infraredi zipo za namna mbalimbali. Ile ya rimoti ni mwanga wa kawaida, ila jicho haliuoni. Haipiti ukuta, haipiti pazia zito, na bila jua au taa ya kuitoa hakuna cha kuona. Ile ya joto, inayotoka kwenye mwili wa mtu, iko mbali sana na hiyo, kati ya mikromita 8 na 14. Kamera yake ni nyingine, na lenzi yake ni ya gerimani, madini ya bei, kwa sababu kioo cha kawaida kinaizuia. Hata kioo cha dirisha kinaizuia, sembuse tofali. Mzee aliniuliza tena kama nina hakika. Nikamwambia aje kibandani aone, akaja, akaondoka na rimoti yake iliyokuwa imekufa ikiwa imepona, na sasa yeye ndiye wakili wangu mtaani.

Nchi zinazoogopa kamera za joto zimejifunza kuogopa kwa kipimo. Nyingi ya zile zinazouzwa kwa uhuru kimataifa hufungwa zisizidi picha 9 kwa sekunde. Kasi hiyo inatosha kutafuta uvujaji wa joto kwenye nyumba na haitoshi kulenga kitu kinachokimbia. Hiyo ndiyo aina ya sheria ninayoiheshimu: imeangalia hatari iko wapi hasa, ikaweka kizuizi hapo, ikaacha mengine. Katazo la kurusha karibu na kiwanja cha ndege ni la aina hiyo. Wasiwasi wa jumla juu ya kila kijana mwenye mota nne mezani si wa aina hiyo, nao ndio unaotumaliza. Tulipokuwa tunajaribu chombo kimefungwa kamba kwenye mguu wa meza, polisi mmoja aliingia kwa sababu ya kelele. "Mama, hiki nacho ni nini?" Nikamwambia, "Afande, kinajifunza kusimama." Alicheka, akatazama, akaondoka kwa adabu. Lakini wazazi wawili waliozisikia habari hizo waliwazuia watoto wao kurudi, na siwalaumu.

Wapo wanaosema: Mchina anauza droni nzima kwa bei ndogo kuliko mota na betri zenu, mnajisumbua nini? Kweli. Atakayetaka kupiga picha harusi anunue. Lakini droni ya dukani imefundishwa kazi za mwenye duka. Hapa Rusizi kuna kisiwa cha Nkombo, watu wanasafiri kwa mitumbwi na ziwa lina siku zake za hasira. Siku droni itakapopeleka dawa kule usiku, GPS itaifikisha kwenye migomba au majini. Kitakachoishusha juu ya mkeka wa mita moja kwenye kituo cha afya ni taa nne za infraredi zilizolehemiwa na mtu anayejua kuzirekebisha zikifa. Kuna Nyungwe, ambayo iliwaka vibaya kwenye ukame wa 1997 na tangu Septemba 2023 ni urithi wa dunia. Kampuni ya Melexis ya Ubelgiji inauza sensa ya joto yenye nukta 32 kwa 24 tu. Huwezi kutambua sura ya mtu kwa nukta 768, lakini kaa linalofuka chini ya majani utaliona. Nani ataifunga kwenye bodi, aiandikie programu, aijaribu msituni kwa baridi ile? Tukisubiri kiwanda cha mbali kifikirie Nyungwe, tutasubiri.

Kigali wana karakana ya FabLab tangu 2016, mahali pazuri, nimefika. Kutoka hapa ni siku nzima ya basi kupitia msitu, na mwanafunzi wa kidato hawezi kwenda kila Jumamosi. Nimeandika barua hapa kwetu. Ofisi moja iliniambia jambo hili ni la elimu. Ya elimu ikasema ni la usafiri wa anga. Mtu mmoja wa mambo ya anga niliyempata akaniuliza, kwa haki kabisa, kwa nini yeye aulizwe kuhusu chumba chenye paa. Jibu lake ndilo ninalolishika. Ikiwa mwenye anga anasema ndani ya kuta nne si kwake, basi anayetoa ruhusa ni mwenye kuta.

Kuta zipo. Shule zina kumbi za chakula ambazo baada ya saa moja jioni ni tupu. Parokia zina kumbi za mikutano. Upana wa mita nane unatosha, kimo cha mita nne kinatosha. Wavu tunao: wavuvi wa sambaza wanauza nyavu zao kuukuu, na tundu la wavu wa sambaza ni dogo kiasi kwamba panga la droni likiugusa linajisokota na kusimama badala ya kupita na kumkata mtu. Tumelijaribu hilo, na transista mbili ziliungua, ambazo wanafunzi walizibadilisha wenyewe kabla ya chai.

Masharti niko tayari kuyaandika na kuyasaini. Daftari mlangoni la nani ameingia na nani ametoka. Chombo hakitoki nje na betri yake. Betri zinalala kwenye sanduku la chuma, na haichajiwi hata moja bila mtu mzima kukaa karibu nayo. Kamera zote zinaangalia ndani. Afisa wa kiwanja cha ndege au wa usalama aje siku yoyote bila taarifa, na akija apewe kiti na aonyeshwe, maana naye ana mtoto shuleni. Umeme tutalipa kwa kutengeneza redio na vipaza sauti vya mwenye ukumbi, mkataba ambao parokia moja imeanza kuufikiria. Padri anataka kwanza kujua kelele itakuwa kiasi gani wakati wa mazoezi ya kwaya. Nimemwambia ukweli, ni kubwa, na kwamba kwaya ichague siku zake kwanza.